WALIOGOPA ZAIDI BAADA YA UPEPO KUTULIA

SOMO LA VIJANA. Fungua Biblia yako, na kama huna azima kwa jirani: Marko 4:35-41.



Sijui karatasi hii imekufikiaje. Labda ulikuwa unapita zako uwanjani, ukasikia spika, ukasimama pembeni, mtu akakuwekea mkononi. Labda umeiokota stendi. Labda mama muuza karanga ndiye aliyekufungia karanga ndani yake. Vyovyote vile, usiitupe kwanza. Kula karanga zako, halafu soma.

Mimi sikuandikii kama mtu aliyesoma sana. Elimu yangu ni darasa la saba na kozi ya Biblia, basi. Lakini haya ninayokuandikia sikuyatoa kichwani. Mengine nimeyasoma katika Neno la Mungu, na mengine nimeyaona kwa macho yangu nikiwa majini, usiku, nimeshika ubao.

Leo nina swali moja tu kwako: UKIKUTANA NA NGUVU ILIYO KUBWA KULIKO WEWE, UNAFANYA NINI?

USIKU WA GIZA

Nimezaliwa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Nilipomaliza shule ya msingi, baba hakuwa na uwezo wa kunipeleka mbele, nikaenda kambini kuvua dagaa. Kama huijui kazi hiyo nitakueleza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakunywa na kucheza karata. Giza likirudi mnaingia ziwani na taa. Siku hizi wengi wana taa za sola, sisi tulikuwa na karabai za mafuta ya taa. Dagaa wanaufuata mwanga, nanyi mnawazungushia wavu.

Mwaka 2007 tulikuwa vijana wanne ndani ya mtumbwi mmoja. Mmoja wao tulisoma naye, tulikaa dawati moja tangu darasa la tatu. Kila mmoja wetu alikuwa na hirizi kiunoni, na mbele ya mtumbwi kulifungwa kitambaa chenye dawa kutoka kwa mganga. Majaketi ya kuokolea hatukuwa nayo hata moja. Nisikilize vizuri hapo, kijana. Pesa ya mganga ilipatikana. Pesa ya jaketi haikupatikana.

Kwenye saa tisa usiku radi ikaanza kumulika upande wa katikati ya ziwa. Mkubwa wetu akasema tutoe wavu turudi. Tulikuwa bado tunavuta wavu, upepo ukafika. Karabai ya kwanza ikazimika. Ya pili ikazimika. Wimbi moja likatujaza maji mpaka magotini, tukawa tunachota kwa makopo huku tunalia. Wimbi lililofuata likatupindua.

Nilishika mtumbwi uliopinduka. Mwenzangu wa dawati moja alishika upande wa pili. Hatukuonana, giza tupu, ila radi ikipiga naona mikono yake. Tukawa tunaitana majina ili kila mmoja ajue mwenzake bado yupo. Mimi sikuwa mtu wa kanisa, lakini mama yangu alikuwa mwombaji. Basi nikapiga kelele, nikasema, "Mungu wa mama, huoni? Hatuko kitu kwako? Tunakufa huku!"

Upepo haukutulia.

Nikamwita mwenzangu, akaitika. Baada ya muda nikamwita tena, akaitika kwa sauti ndogo. Nikamwita mara ya tatu. Hakuitika.

Kulipokucha wavuvi wa kambi nyingine wakatuokota watatu. Hirizi yangu ilikuwa bado kiunoni, imelowa maji. Nikaikata kwa meno, nikaitupa. Lakini usidhani niliokoka siku ile, hapana. Nilitupa hirizi nikabaki mtupu, na Mungu nikamkasirikia miaka mitatu.

UPEPO ULE ULITOKA WAPI?

Kule kambini kila mtu alikuwa na jibu lake. Huyu anasema ni jini la ziwa. Huyu anasema tumetupiwa kitu na kambi ya pili. Huyu anasema deni la mganga halijalipwa. Tukaishi kwa hofu, mtu akikohoa unadhani anakuroga.

Baadaye nilijifunza jambo ambalo ningefundishwa mapema lingenisaidia. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, ndiyo maana upepo hutoka ziwani kuja pwani. Usiku ni kinyume. Nchi kavu hupoa upesi, maji yanabaki na joto lake. Sasa upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Na kwa kuwa ziwa limezungukwa na nchi kavu pande zote, pepo hizo zinakwenda kukutana kule ndani. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu, zinapanda na unyevu wa maji, zinafanya wingu kubwa la mvua na radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huja usiku na alfajiri. Na mvuvi wa dagaa yuko wapi saa hizo? Yuko humo humo ndani. Si jini, ndugu yangu. Ni joto, baridi, na maji.

Najua kuna kijana ameshanidaka hapo. Anasema, "Basi mhubiri, kama ni joto na baridi tu, Mungu wa nini tena?"

Nikuulize na mimi. Ukifungua redio ukaona waya na betri, ukajua sauti inapita wapi, je, umethibitisha kwamba mtangazaji hayupo? Umejua redio inavyofanya kazi, hujajua anayesema ni nani. Kujua njia ya upepo ni jambo moja. Kumjua aliyeiweka njia hiyo ni jambo lingine.

Tena fikiri. Hewa inayopitiwa na radi hupata joto la nyuzi kama 30,000 za Selsiasi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Kitu hicho kinapiga juu ya kichwa chako, halafu asubuhi unaamka unakuta kunguru anaoga kwenye dimbwi, mihogo imenyweshwa, dunia iko pale pale. Nani anaishika? Maarifa yaliniondolea hofu ya jini. Hayakuniondolea mshangao. YALIUONGEZA!

ZIWA DOGO, MASHUA NDOGO

Sasa tuingie katika somo letu. Bahari ya Galilaya iko nchi ya Israeli, na kwa kweli si bahari, ni ziwa la maji baridi. Urefu wake ni kilomita kama 21 na upana kama 13. Ziwa letu Victoria lina kilomita za mraba karibu 68,800, ni zaidi ya mara 400 ya lile. Mvuvi wa kwetu anaweza kucheka, akasema hilo ni bwawa.

Asicheke. Ziwa lile liko shimoni, karibu mita 210 chini ya usawa wa bahari, na limezungukwa na milima. Hewa ya baridi ikishuka kutoka huko juu inaanguka juu ya maji ghafla, na kwa muda mfupi ziwa lililolala linaamka kama limechokozwa.

Na vyombo vyao vilikuwa vya namna gani? Mwaka 1986 palikuwa na ukame kule, maji ya ziwa yakapungua, na ndugu wawili wavuvi wakaona mbao ndani ya tope. Ilikuwa mashua ya kale, ya nyakati zile za Bwana Yesu. Urefu wake ni mita 8 na kidogo, upana mita 2 na kidogo. Mtu wa mwaloni akisikia vipimo hivyo anajua ni chombo cha namna gani. Ukikaa humo unaweza kutia mkono majini.

Katika chombo kama hicho Bwana Yesu alipanda jioni pamoja na wanafunzi wake ili wavuke ng'ambo. Wanne kati yao, Petro, Andrea, Yakobo na Yohana, walikuwa wavuvi wa ziwa lile lile. Hawa si watu wa bara wanaopiga kelele chombo kikiyumba kidogo. Watu hawa wakikuambia tunazama, MNAZAMA.

Upepo ukaja, mawimbi yakaingia chomboni. Bwana Yesu yeye amelala nyuma ya mashua, ameweka kichwa kwenye mto. Alikuwa amechoka, mchana wote alikuwa anafundisha umati. Usiruke hapo. Huyu ni mtu kweli kweli, anachoka kama wewe unavyochoka ukitoka kazini.

Wakamwamsha. Wakamwuliza kama hajali kwamba wanaangamia.

Nilipolisikia swali hilo mara ya kwanza nilikuwa nimesimama nyuma kabisa ya mkutano wa Injili pale mwaloni kwetu, mwaka 2010, mikono mifukoni, nimekuja kuangalia watu tu. Mhubiri akasoma. Nikashtuka. Kumbe swali langu lile la usiku limo ndani ya Biblia! Kumbe watu walioitwa na Yesu mwenyewe nao walimwuliza hivyo hivyo, na hakuwatupa majini kwa sababu ya kuuliza. Nikatoa mikono mifukoni.

Bwana Yesu akaamka. Akaukemea upepo. Akaliamuru ziwa linyamaze. Pakawa shwari.

JAMBO AMBALO MTU WA NCHI KAVU HALIONI

Hapa mimi mvuvi nitakuonyesha kitu. Upepo ukikata, mawimbi hayakati pamoja nao. Muulize mvuvi yeyote. Upepo unaweza kufa saa kumi na ziwa likaendelea kupanda na kushuka mpaka kumepambazuka. Maji yakishasukumwa yana mwendo wake, hayasimami upesi.

Sasa kama upepo tu ndio ungekata, Petro angesema, "Bahati yetu, umejiishia wenyewe." Lakini Marko anaonyesha mambo mawili: upepo ukakoma, na ziwa nalo likalala. Yote mawili kwa neno moja! Wavuvi wale walitazama yale maji yamelala kama uji uliopoa, na walijua kwamba hiyo si kawaida ya ziwa. Ziwa limesikia sauti ya Bwana wake.

WOGA WA KWANZA NA WOGA WA PILI

Hebu rudi usome mstari wa 41. Ungetegemea nini pale? Ungetegemea wacheke, wapigane mikono, waimbe. Biblia inasema waliogopa sana, wakaanza kuulizana habari za huyu mtu. Yaani waliogopa kwenye shwari kuliko walivyoogopa kwenye dhoruba!

Kijana, hapa ndipo penye somo. Katika mashua ile kulikuwa na woga wa namna mbili.

1. WOGA WA KWANZA ni wa kuogopa kitu. Upepo, mawimbi, kifo. Woga huu unakufanya ukimbie huku na huku, ushike chochote kilicho karibu. Ndio ulionifunga mimi hirizi. Ndio unaomfanya dada fulani aende kwa mganga kwa sababu mchumba amemwacha. Ndio unaokufanya ulale na taa inawaka. Woga huu unaangalia nguvu, hauulizi mwenyewe ni nani.

2. WOGA WA PILI ni wa kumwogopa Mtu. Hatari imekwisha, maji yamelala, lakini moyo unatetemeka kwa sababu umegundua kwamba aliyekaa hapa, umbali wa mkono wako, nguo zake zimelowa kama zako, ndiye aliyeliumba ziwa. Woga huu haukukimbizi. Unakusimamisha, unauliza swali: HUYU NI NANI?

Vijana wa leo tunashangaa sana, lakini tunashangaa vibaya. Mtu anaona mafuriko kwenye simu, anasema "Duh!", anasukuma kidole, anaangalia mpira. Anaona nyota usiku kijijini umeme ukikatika, anasema "Aisee!", umeme ukirudi amesahau. Mshangao umeishia mdomoni.

Na wewe uliyekuja kwenye mkutano wetu kuangalia miujiza, nakwambia ukweli kwa upendo. Unaweza kuona kiwete anatembea, ukapiga makofi, ukarudi nyumbani na dhambi zako zote mfukoni. Muujiza si sinema. Ni kidole kinachoonyesha Mtu. Ukikiangalia kidole, utamkosa Mtu.

Tena mshangao peke yake haumshiki mtu. Petro alikuwa ndani ya mashua ile, aliyaona maji yakilala. Baadaye, usiku mwingine, binti mmoja mjakazi akamwuliza kama anamjua Yesu, Petro akakana. Mtu aliyeona ziwa likitii alimwogopa msichana!

"USIJE NA MAHUBIRI, MBONA WENGINE WANAZAMA?"

Hili swali sitalikwepa, kwa sababu ni langu. Kama Yesu anatuliza upepo, mbona mwenzangu wa dawati moja hakutoka majini?

Kwanza, tusimsingizie Mungu yale waliyofanya watu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Vyombo vile vilibeba watu kupita kiasi. Hapo usiseme ni mapenzi ya Mungu tu ukaenda kulala. Mungu alitupa akili ya kuhesabu. Na sisi usiku ule tulikuwa na hirizi nne na majaketi sifuri. Kumwamini Mungu si kuingia ziwani bila jaketi halafu kusema Yesu atakemea upepo. Shetani alitaka Bwana Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, na Bwana alikataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Kijana wa mwaloni, vaa jaketi, kisha omba. Usichague kimoja.

Pili, Biblia haikuficha kwamba wakati mwingine dhoruba haitulii. Soma Matendo ya Mitume 27. Mtume Paulo alikuwa melini, mtu wa Mungu, mwombaji, na tufani ikawapiga siku nyingi. Hakuna aliyekemea upepo pale. Meli ikapanda mchangani, ikavunjika. Lakini watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine wakiogelea, wengine wameshika mbao. Mungu yule yule! Kwa Petro alituliza maji. Kwa Paulo aliacha meli ivunjike, akawashika watu.

Tatu, na hili ndilo lililonivunja mimi. Aliyenyamazisha upepo, siku moja hakunyamazisha misumari. Walipomkamata Bwana Yesu, alisema angeweza kumwomba Baba akaletewa majeshi ya malaika zaidi ya kumi na mawili (Mathayo 26:53). Hakuomba. Akapigwa, akasulubiwa. Jua likawa giza, nchi ikatetemeka, miamba ikapasuka. Vitu vyote vilimjua Bwana wao, ila watu waliosimama pale walimcheka. Nguvu alikuwa nazo zote, akazizuia, ili dhambi zangu na zako zimpige yeye. Naye aliingia majini mwa mauti, akaita, na usiku wake haukutulizwa. Siku ya tatu akatoka.

Sikujibiwa kwa nini mwenzangu alinyamaza ile mara ya tatu. Mama yake ninamtembelea mpaka leo, na simwambii maneno mepesi. Tunakaa, ananipa uji, tunaomba. Lakini nililiuliza swali kama Mungu anajali, na msalaba ukanijibu. Mtu asiyejali hafi kwa ajili yako.

ALIYEKEMEA UPEPO ALIWAPIKIA SAMAKI

Nikumalizie habari ya Petro. Baada ya kumkana Bwana, na Bwana akiisha kufufuka, Petro alirudi ziwani lile lile kuvua. Usiku kucha hakupata kitu. Mvuvi anajua uchungu huo, mafuta yameisha, mgongo unauma, chombo ni kitupu. Kumekucha, Bwana Yesu amesimama ufukoni. Akawaambia watupe wavu upande wa kuume, wakapata samaki wakubwa 153. Walipofika nchi kavu wakakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Akawaita wale (Yohana 21).

Fikiri, kijana! Mkono ulioinuliwa juu ya upepo ndio unaogeuza samaki kwenye makaa. Angeweza kumpiga Petro kwa radi kwa sababu ya kukana. Alimpa kifungua kinywa, kisha akamwuliza kama anampenda.

Ndiyo maana nakwambia usiogope kumwogopa Mungu. Woga wa pili haukupeleki mbali naye. Unakupeleka kwenye moto wake, ukae, ule.

SASA UFANYE NINI?

1. ACHA KUSHANGAA KWA MDOMO TU. Leo usiku toka nje, angalia juu, uliza kwa sauti: "Uliyefanya haya, wewe ni nani?" Usione aibu, hakuna atakayekucheka gizani.

2. TAFUTA JIBU PALIPO NA JIBU. Soma Injili ya Marko yote, ni sura 16 tu. Ukisoma sura mbili kila siku utaimaliza kwa siku nane.

3. TUPA ULICHOKISHIKA BADALA YAKE. Hirizi, kamari, pombe, chuki, au kiburi cha kusema mimi siogopi kitu. Na mtu akikuuzia maji au mafuta eti ya kutuliza dhoruba za maisha yako, mwambie huyu wa Galilaya hakutoza nauli.

4. TUBU, UMPOKEE YESU AINGIE CHOMBONI. Sikuahidi kwamba hutapata upepo. Wanafunzi walimtii kuvuka, na upepo ukaja wakiwa wamemtii. Ninachokuahidi kwa Neno lake ni kwamba hutakuwa peke yako ndani ya mashua.

SALA YA TOBA

Kama uko tayari, piga magoti hapo ulipo, au simama tu kama uko stendi, useme haya kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, nimeziona kazi zako nikapita kama sijaona. Nimeogopa vitu vingi, wewe sikukuogopa. Nimetenda dhambi, nimeshika vitu visivyoweza kuniokoa. Ninaamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Ingia katika chombo changu, kikiwa shwari na kikiwa katika dhoruba. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Umesali kwa kweli? HALELUYA! Sasa usikae peke yako. Mtafute mtu aliyeokoka umweleze, nenda kanisa linalohubiri Neno, ubatizwe, ujifunze. Kaa la moto likitolewa jikoni linazimika upesi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni kitu gani unachokiogopa kuliko vyote? Umeshika nini kwa sababu ya woga huo?
2. Kwa nini wavuvi wa Galilaya waliogopa zaidi baada ya maji kulala?
3. Mungu aliwasaidiaje Petro katika Marko 4 na Paulo katika Matendo 27? Tofauti ni nini? Kilicho sawa ni nini?
4. Wewe unasema huyu ni nani?

Swali la nne usiniandikie mimi jibu lake. Mjibu yeye mwenyewe.

Ukimaliza kusoma, usichane. Mpe kijana mwingine, hasa yule anayeingia ziwani usiku wa leo. Na umwambie avae jaketi.

Bwana akubariki.